Kuwaeleza watoto jinsi vihisi vya tangi vinavyosemezana bila waya

Mwalimu, umeuliza utawaelezaje watoto wa gredi ya tano jinsi vihisi vya matangi ya maji vinavyotuma habari bila waya, bila kumaliza betri na bila kudanganywa. Mtoto wa Nairobi anazijua siku za mgao wa maji, kwa hiyo tangi halihitaji maelezo. Leta maharagwe tu.

Watoto watatu ni vihisi, yaani vifaa vinavyopima maji ya tangi, wa nne ni mpokezi wa habari zao. Kila kihisi kina maharagwe 20, ndiyo betri. Unapopiga makofi, kukaa macho kunakula 1 kwa kila kofi, kusema 2, kulala bure. Kwanza wote wakae macho: kufikia kofi la 20 wamekwisha. Kisha, kwa maharagwe mapya, waamke kila kofi la 10, waseme "tangi 2, 40" (yaani tangi la pili, kipimo cha maji 40), walale. Watasema kwa pamoja na mpokezi hataambulia kitu. Subiri wenyewe waombe zamu: mmoja la 10, mwingine la 11, mwingine la 12.

Usalama ndio utamu wenyewe. Mtoto wa tano, mwizi, ananukuu "tangi limejaa" na kurudia kesho likiwa tupu, pampu haiwaki. Kwa hiyo kila ujumbe ubebe namba inayopanda, na mpokezi akatae isiyozidi ya mwisho. Mwizi atabadilisha namba, basi ongeza muhuri: namba mara ufunguo wa siri (namba ambayo kihisi na mpokezi tu wanaijua), jumlisha kipimo, chukua tarakimu mbili za mwisho. Ufunguo 7, namba 12, kipimo 40: 84 na 40 ni 124, muhuri 24. Usijumlishe tu bila kuzidisha, maana mwizi ataongeza 1 kwenye namba, apunguze 1 kwenye kipimo, na muhuri ubaki uleule. Mwenye hesabu kali ataugundua ufunguo hata hivyo. Mpongeze, kisha mwambie vihisi halisi vingi hutumia AES, njia ya hesabu ya kulinda ujumbe, yenye ufunguo wa biti 128 (tarakimu 128 za 0 na 1).

Namba iandikwe kwenye karatasi, isishikwe kichwani. Kihisi kilichozimika kikaanza tena na 1 hukataliwa kila ujumbe. Ndiyo maana namba huwekwa kwenye kumbukumbu isiyofutika.

Ukitaka kuwaonyesha kitu halisi, bodi mbili za ESP32 (chipu ndogo yenye redio) kutoka maduka ya elektroniki ya Luthuli, Nairobi, zinatosha, kwa ESP-NOW, njia ya bodi hizo kutumiana ujumbe moja kwa moja bila waya. Ila kwenye bodi nyingi taa ndogo hubaki ikiwaka hata chipu ikilala, nayo hula betri. Ing'oe.