Shangazi, mama anasema ninaalika mashetani nyumbani

"Shikamoo Shangazi. Nina umri wa miaka 26, naishi Busia upande wa Uganda, na mchana nafanya kazi kwa wakala wa kutuma pesa kwa simu. Usiku natazama filamu za kutisha na kuzihakiki. Kwa miaka miwili jarida moja limechapisha makala zangu 19 na kunilipa mara tatu tu. Nataka kuacha kazi ya mchana niwe mhakiki wa filamu za kutisha pekee. Mama yangu ni mlokole. Alinikuta saa nane usiku nikitazama, akamwita mchungaji aje aniombee. Mhariri naye anasema filamu hizo ni takataka, niandike kuhusu mapenzi. Nifanyeje? Nami mwenyewe, Shangazi, siku hizi nalala taa ikiwaka."

Marahaba, mwanangu. Swali la kazi umelitanguliza, lakini nikisoma barua yako kwa makini naona kwamba kilichokufanya ushike kalamu ni mama, kwa hiyo hilo la kazi nitalimaliza upesi. Usiache. Hata Marekani, ambako filamu hizi hutengenezwa kwa wingi, wanaopata mkate wao kwa kuhakiki filamu za kutisha peke yake ni wachache mno. Carol Clover, ambaye ndiye aliyetupatia jina "final girl", yaani yule msichana anayebaki hai mwishoni baada ya wenzake wote kuuawa, alikuwa mhadhiri wa fasihi za kale za Skandinavia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu filamu hizi hakikumwondoa katika kazi hiyo. Kaa kwenye kaunta yako. Ila kabla hujatuma makala ya 20, mwandikie mhariri kwa adabu orodha ya zile ambazo hajazilipia, na mkubaliane bei kwanza.

Kuhusu neno lake la takataka, mkumbushe mwaka 1960, wakati wahakiki wa London walipoishambulia Peeping Tom ya Michael Powell kwa ukali uliomharibia kazi mwongozaji huyo nchini mwake. Miaka baadaye filamu hiyo hiyo ikaanza kuhesabiwa miongoni mwa kazi muhimu za sinema ya Uingereza.

Sasa tuje kwa mama. Nadhani mimi na yeye ni rika moja. Sisi ni watu tuliosikia redioni habari za Kanungu, hapa Uganda, mwezi Machi 2000, ambako mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa, na tumewalea ninyi tukiwaonya msimfuate mtu msiyemjua kwa sababu ya habari za kafara, jambo lililofikia uzito wa Bunge kutunga sheria mahususi dhidi ya kafara ya binadamu mwaka 2021. Mama anapoona katika simu yako mganga ameinua kisu juu ya mtoto, pengine anakumbuka gazeti alilolificha chini ya godoro ili usilione ukiwa mdogo. Amekuuliza, ingawa ameuliza kwa kumleta mchungaji, inakuwaje mtu astarehe kwa jambo ambalo jirani yake amelilia. Katika makala mbili ulizoniambatishia sikuona mahali ulipomjibu. Umeandika kuhusu mwanga, kamera na majina ya waongozaji, tena kwa ufundi, lakini yote hayo yangeweza kuandikwa na mtu aliyekaa Chicago.

Na hata mtu wa Chicago alifanya zaidi ya hapo. Mwezi Januari 1969 Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la huko Chicago, akiwa bado kijana, aliandika kuhusu Night of the Living Dead, filamu ya maiti wanaowashambulia walio hai, na sehemu kubwa ya makala yake haikuwa kuhusu filamu yenyewe. Aliwaandika watoto waliojaa ukumbini mchana ule, jinsi walivyoanza kwa vicheko na kelele na jinsi walivyonyamaza, na msichana wa miaka kama tisa aliyetulia kitini akilia. Huo ni uhakiki ambao mama yako angeusoma mpaka mwisho.

Miaka mingi iliyopita niliandamana na mpwa wangu hadi kwenye kibanda cha video hapa Kampala: mabenchi ya mbao, gunia limetundikwa mlangoni kuzuia mwanga, na VJ akitafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Mwanamke wa kwenye filamu alipoanza kushuka peke yake gizani chini ya nyumba, VJ alimuuliza kama kwao hakuna majirani wa kuita. Ukumbi ukaangua kicheko. Kisha mlango ukajifunga nyuma yake, VJ akanyamaza, na katika ukimya ule nikamsikia mzee wa benchi la nyuma akilitaja jina la Yesu. Nani atatuandikia dakika ile, kama si wewe?

Lichukue neno zombi. Ukiamua kulifasiri kuwa msezi, umeingia katika mkanganyiko wenye faida, kwa sababu msezi wa imani za Buganda ni mtu aliye hai, mwenye shamba na watoto, anayetoka usiku kutafuta maiti ale, ilhali zombi ni maiti inayomtafuta aliye hai. Zombi hukufanya ukimbilie kwa jirani. Msezi hukufanya umwogope jirani huyo huyo. Lakini katika filamu ile aliyoiandika Ebert, mhusika mkuu, aliyeigizwa na Mmarekani Mweusi Duane Jones, anaokoka usiku mzima wa maiti, halafu asubuhi anapigwa risasi na watu waliokuja kuwaangamiza maiti hao (niwie radhi kama ulikuwa hujafika mwisho). Kwa mtazamaji wa kwetu, hiyo imeanza kuwa hadithi ya msezi. Andika makala hiyo, na uiandike kwa Kiswahili, kwa maana kwa Kiingereza utapanga foleni nyuma ya maelfu. Ukishapata chache za namna hiyo utakuwa na kitu cha kuonyesha kwenye tamasha la filamu la Zanzibar, au unapoomba nafasi katika mafunzo ya wahakiki chipukizi, kama yale ambayo yamekuwa yakifanyika Durban.

Kwa mama, usianze na hoja. Chagua Jumamosi mchana akiwa amepumzika, mtafutie filamu moja ya Nigeria yenye mchungaji na mganga, kwa kuwa nina hakika amekwisha kuziona nyingi bila kuziita za kutisha, kisha kaa karibu naye na daftari. Muulize ni wapi alipoogopa, na ni wapi alipoona mtengenezaji anamdanganya. Usimbishie, andika tu. Akikuambia kuna mambo hataki yaingie nyumbani kwake, yaheshimu, maana nyumba ni yake, na filamu hizo utazitazama kwingine.

Nawe acha kutazama saa nane za usiku. Tazama jioni, andika ukurasa mmoja, kisha ule chakula na watu. Taa iache iwake kama unaitaka, umeme ukiwepo.