Kosa Hukaa Tumboni mwa Neno

Nilipoanza kusoma prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kitabu kuchapwa, nilidhani kazi ni kuwinda herufi zilizoruka: "kitbau" badala ya "kitabu", nukta iliyosahaulika, neno lililochapwa mara mbili. Hayo yapo, na utayaona hata ukiwa umechoka. Yatakayokupita ni yale ambayo neno lenyewe limeandikwa sawasawa, ila kiambishi kimoja tumboni mwake kinaongea na nomino isiyo yake. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, kirejeshi (kile kinachosimama badala ya "ambao" au "ambacho") na mtendwa kwa mpigo. "Waliokisoma" peke yake ni habari nzima. Kwa hiyo wewe unayeanza kuhariri Kiswahili, zoeza macho yako kuingia ndani ya neno, si kupita juu yake.

Tazama sentensi hii, ndugu ya nyingi nilizokutana nazo:

"Mafunzo ya viongozi wa vikundi vya wakulima vilivyoanzishwa mwaka jana vimeleta mabadiliko."

Ukiisoma haraka inateleza, maana ule mfululizo wa "vi" umeshalilaza sikio. Jiulize: nini kimeleta mabadiliko? Mafunzo. Basi ni "yameleta". Wengi huishia hapo, wakaenda zao. Lakini kilichoanzishwa mwaka jana ni nini hasa, vikundi au mafunzo? Kama ni vikundi, "vilivyoanzishwa" inakaa. Kama ni mafunzo, sentensi ipangwe upya: "Mafunzo yaliyoanzishwa mwaka jana kwa viongozi wa vikundi vya wakulima yameleta mabadiliko." Sarufi haina jibu la swali hilo, analo mwandishi. Mwandikie swali pembeni na usikisie, kwa sababu ukikisia vibaya umebadilisha habari, na jina litakalokuwa juu ya kitabu si lako.

Mimi hufanya hivi: naweka ncha ya kalamu kwenye kitenzi kikuu, narudi nyuma hadi kwenye nomino inayokitawala, nikiruka kila kilichofuata "ya", "wa" au "vya". Mwanzoni utajiona kobe. Baada ya miswada kadhaa mkono unazoea.

Viumbe hai nao wana mtego wao. Umbo la nomino linaweza kuwa la ngeli ya ki-vi, kama "kitu" na "vitu", lakini upatanisho ni wa a-wa, kama wa "mtu" na "watu": "kijana huyu", "viongozi wa chama", "vipofu wawili". Nafasi moja ya kufurahisha ni "kifaru". "Kifaru yule amelala" ni mnyama. "Kifaru kile kimeharibika" ni gari la vita. Mhariri aliyezoea kusahihisha kwa kasi anaweza kumfanya mnyama kuwa chuma. Na ukiona "mtu yoyote", simama: ni "mtu yeyote", "watu wowote", "kitu chochote", "jambo lolote". Hilo "yoyote" limegeuka kiraka cha kila suruali.

Programu za kukagua tahajia zitakusaidia kidogo tu, kwa kuwa makosa mengi yetu yanazaa neno jingine halali. "Nilitaka kua mwalimu" haitapigiwa mstari mwekundu ikiwa programu inalijua neno "kua". Mtoto anakua, mtu anataka kuwa mwalimu, na simba anaweza kuua. Tofauti ni irabu moja au "w" moja, na maana zimeachana kabisa. Wapo wanaoogopa irabu mbili zikae pamoja, wakachomeka "w" au "y" isiyohitajika: "chukuwa", "juwa", "tiya". Ni "chukua", "jua", "tia". Ila usiifanye kanuni ya jumla ukaanza kung'oa "w" kwenye "elewa" na "chelewa".

Jozi nyingine zinatokana na ndimi zetu. Anayechanganya "r" na "l" atakuandikia kuwa bwana harusi amelipa "mahali", au amealikwa kwenye "kalamu". Anayesema "z" mahali pa "dh" atakuletea "zana ya uhuru" akiwa na maana ya dhana. Anayemeza "h" ataandika "ajali" alipotaka "hajali". Tengeneza orodha yako ya jozi hizo na uitafute jozi moja moja katika kila mswada kabla ya kuuachia. Ukishafanya kazi na mwandishi mmoja mara mbili, utajua lipi ni lake.

Nikitaja kutafuta, sina budi kukiri. Katika mswada mmoja tulikubaliana kutumia "si" badala ya "sio". Mimi kwa uvivu nikaamuru kompyuta ibadilishe zote kwa pamoja. Ilitii. "Watu wasiojua kusoma" wakawa "watu wasijua kusoma", "asiogope" ikawa "asigope", "nisione" ikawa "nisine". Nilizisahihisha moja moja hadi usiku, na bado aliyesoma baada yangu alikuta "usieleweka" imebaki. Katika lugha inayounganisha vipande namna hii, usibadilishe zote bila kuagiza neno zima, na hata hivyo pitia kila badiliko kwa macho. Ukigeuza "toka" kuwa "kutoka" ovyo, "anatoka" itakuwa "anakutoka".

Na ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika "ng'", nayo, katika programu nyingine, ina visa: ukimtafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka, yule mwenye ritifaa iliyopinda haonekani. Chagua moja, uifuate mswada mzima.

Kwenye alama, mkato ndio unaonisumbua zaidi. Waandishi wengi huuweka pale wanapovuta pumzi: "Wanafunzi wote waliofaulu mtihani wa mwisho, watapewa vyeti." Mkato huo umemtenga mtenda na kitenzi chake; uondoe, hata kama sentensi ni ndefu. Ikichosha pumzi, ikate iwe mbili. Kuna mahali lakini mkato unabeba maana yote. "Walimu ambao hawajalipwa wamegoma" inazungumzia baadhi ya walimu. "Walimu, ambao hawajalipwa, wamegoma" inasema walimu wote hawajalipwa, na wote wamegoma. Hapo pia mwulize mwandishi. "Je" ya mwanzoni hufuatwa na mkato, na sentensi ikaishia kwa kiulizi. "Sijui kama amefika" si swali. Malizia kwa nukta.

Katika matumizi ya maneno, ninalopigana nalo kila wiki ni "aidha". Maana yake ni "pia" au "zaidi ya hayo". Kwa kuwa linasikika kama neno fulani la Kiingereza, watu wanaandika "aidha aje au asije". Iwe "ama aje ama asije". "Ajali iliyopelekea vifo" naibadilisha kuwa "iliyosababisha vifo". "Ambaye aliyekuja" ina virejeshi viwili, kimoja kiondoke. "Katika mezani" vilevile: sema "katika meza" au "mezani".

Kuna mengine ambayo sipigani nayo. "Onyesha" na "onesha" zote zina watetezi, na kazi yako ni kuhakikisha haziishi pamoja katika kitabu kimoja. "Masaa" nayaondoa kwenye ripoti na kwenye vitabu vya kiada, lakini mhusika wa hadithi akisema "nimekungoja masaa mawili", namwacha aseme. Watu hawazungumzi kama kamusi, na mwandishi aliyelisikia hilo amefanya kazi yake vizuri.

Nimalizie na makosa tunayoyaingiza sisi wenyewe. Umeona neno "shida" limejirudia mara tatu, ukaona uligeuze moja kuwa "tatizo". Vizuri. Lakini "shida hii ilianza zamani na imewachosha wengi" sasa inadai "tatizo hili lilianza zamani na limewachosha wengi", na pengine mistari minne chini kuna "kuimaliza" ambayo inapaswa kuwa "kulimaliza". Kila ukibadilisha nomino, shuka nayo hadi mwisho wa aya, kisha chungulia na aya inayofuata.