Maji bila chumvi hayakai mwilini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama sayansi na dini zinakutana popote kwenye hii habari ya maji kuwa chanzo cha uhai, na nahisi majibu mengi yatakuwa maji, maji, maji. Mi nasema zinakutana ndiyo, tena vizuri tu, ila zinakutana kwenye chumvi, na nina sababu yangu ya kusema hivyo.

Mwanangu wa mwisho alipokuwa na mwaka na miezi kidogo alianza kuharisha usiku, basi mi nikawa nampa maji tu, kijiko baada ya kijiko, maji safi yaliyochemshwa, najiambia maji ni uhai, na kumbe yanatoka vilevile yalivyoingia. Kulipokucha akaja jirani ambaye ni nesi, akaniuliza swali moja ambalo sijalisahau mpaka leo: akilia anatoa machozi? Nikamwangalia mtoto pale pale mapajani, analia, uso umekunjamana, sauti ipo, lakini mashavu makavu kabisa. Jirani hakunigombeza, alichukua lita moja ya maji akatia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha sio vya kujaza, hapo alinisisitizia sana, akaonja kwanza mwenyewe akasema yasizidi chumvi ya machozi. Tukaanza upya kijiko kwa kijiko huku tukijiandaa kwenda hospitali. Jioni mtoto akalia kwa sababu nilimwondolea kikombe, na machozi yakateremka mpaka kidevuni.

Baadaye ndo nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua kwa nini maji yangu matupu yalishindwa. Iko hivi: kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vijimlango ambavyo sukari na sodiamu ya chumvi huingia pamoja, wameshikana mikono kama watu wawili, na zikishaingia maji yanazifuata. Hata kwenye kuhara kukali vile vijimlango huwa bado vinafanya kazi. Mwanasayansi Robert Crane alieleza mlango huo mwaka 1960, na mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi pale Bangaon, India, kipindupindu kimepamba moto, dripu zimemwishia, akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe kwa mdomo, na vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Chumvi, sukari, maji. Mi kila nikifika hapo kwenye kusoma nasimama kidogo.

Halafu angalia kipimo, maana mambo yote yako kwenye kipimo. Dripu ya kawaida ina gramu 9 za chumvi kwa lita, karibu na damu yetu ilivyo. Bahari ina kama gramu 35. Tofauti hiyo ndo inamuua mtu aliyepotea baharini akanywa maji ya pale, kwa sababu figo zetu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kuizidi bahari, kwa hiyo ili kutoa ile chumvi mwili unalazimika kutumia maji mengi kuliko yale aliyokunywa, anakauka huku amezungukwa na maji. Na upande wa pili pia, ukinywa maji matupu mengi mno kwa muda mfupi chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, na watu wamekufa kwa hilo, wakiwemo wakimbiaji wa mbio ndefu. Kila seli mwilini mwako sa hivi unavyosoma hapa inasukuma chembe tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu, madini mengine ya mwilini, usiku na mchana, kazi hiyo aliigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 na akapewa tuzo yake ya Nobel mwaka 1997, miaka arobaini baadaye.

Sasa dini. Mi ni Mkristo na Biblia ndo naijua zaidi, na kinachonishangaza ni kwamba chumvi mle ndani haina upande mmoja. Walawi 2:13 kila sadaka itiwe chumvi, Hesabu 18:19 kuna agano la chumvi, halafu ukienda Waamuzi 9 Abimeleki anaubomoa mji wa Shekemu na kuupanda chumvi, na mke wa Lutu tunajua aliishia kuwa nguzo ya chumvi. Kisha kuna 2 Wafalme 2, maji ya Yeriko ni mabaya, nchi inaharibu mimba, na nabii Elisha anaomba chombo kipya na chumvi anaenda kuitupa palepale kwenye chemchemi na maji yanaponywa. Sisemi Elisha alijua habari za sodiamu, na sipendi kabisa ule mtindo wa kuchukua aya na kuigeuza kitabu cha kemia, unaidhalilisha aya na kemia pia. Nachosema ni kwamba watu wale waliishi karibu na chumvi kiasi cha kujua kwamba kitu hichohicho kinaponya na kinaua.

Kurani nayo kwenye sura ya Anbiyaa aya ya 30 inasema kila kilicho hai kimefanywa kwa maji, hiyo wengi mnaijua, lakini rafiki yangu Mwislamu alinionyesha sura ya Faatir aya ya 12, bahari mbili hazilingani, moja tamu moja chungu ya chumvi, na bado kutoka kwa zote mbili mnakula nyama laini na mnatoa mapambo ya kuvaa. Maji ya chumvi hayakulaaniwa pale. Na Wahindu kwenye Upanishadi ya Chandogya, moja ya maandiko yao matakatifu, wana baba anayemwambia mwanawe atie chumvi kwenye maji, kesho yake anamwambia haya niletee ile chumvi, kijana anaitafuta haioni, anaambiwa aonje juu, aonje katikati, aonje chini, kote chumvi, na baba anamwambia kile kilicho cha kweli ndivyo kilivyo ndani ya vyote.

Hata wanaotafuta uhai mbali siku hizi hawaulizi maji peke yake. Vumbi la asteroidi Bennu, mwamba unaolizunguka Jua, lililoletwa duniani Septemba 2023 lilikutwa na chumvi zilizobaki baada ya maji yake kukauka, pamoja na amino asidi, vile vipande vinavyojenga protini, wanasayansi walitangaza Januari 2025. Na Bahari ya Chumvi, ile inayoitwa mfu, ina chumvi karibu mara kumi ya bahari za kawaida na bado mwaka 1936 mwanasayansi Benjamin Elazari Volcani alionyesha kuna vijidudu hai mle.

Bahari hiyohiyo iko kwenye Ezekieli 47, sura ninayoipenda kuliko zote na sijawahi kusikia ikihubiriwa mpaka mwisho. Mto unatoka hekaluni unashuka mpaka baharini, maji yanaponywa, samaki wanakuwa wengi, wavuvi wanatandaza nyavu kuanzia Engedi, na hapo ndo wahubiri huwa wanafunga kitabu. Aya ya 11 inaendelea, kwamba matope yake na madimbwi yake hayataponywa, yataachwa yawe ya chumvi. Zamani nilidhani ni adhabu. Tangu siku ya kile kikombe naisoma nikimwona mtu anashuka kwenye yale madimbwi na chombo chake mkononi, amekuja kuchota kidogo, kwa sababu nyumbani kuna mtoto analia na mashavu yake ni makavu.