Maswali ya Waandishi: Mashoga Wanne na Maisha Mapya Pwani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu aina moja ya riwaya: ile nyepesi ya kusoma likizoni, mashoga, yaani wanawake marafiki, mmoja kaachika au kafiwa, wanahamia pwani kuanza upya. Tumejibu tano.

Mashoga wanne katika riwaya yangu wamehamia Jambiani, pwani ya Unguja, kufungua mgahawa. Sura saba zimekwenda vizuri, ya nane hadithi imelala. Wanakaa barazani wanaliwazana tu. (Msomaji, Tanga)

Kasoro imeanzia sura ya kwanza: hakuna anayemdai mwenzake. Mashoga wasio na deni, siri wala kitu cha kugombea watapeana pole mpaka ukurasa wa mwisho, na msomaji atafunga kitabu akaoge baharini.

Wape mchezo. Kila mmoja atoe shilingi 250,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja apokee 1,000,000. Wa kwanza kupokea ametoa 250,000 yake tu, kwa hiyo anadaiwa 750,000 na wenzake. Wa mwisho anangoja mwezi wa nne, akiwa amewakopesha wote. Sasa panga zamu kwa makusudi: mwenye siri apokee kwanza, anayemwamini kuliko wote awe wa mwisho. Mwezi wa pili mwenye siri asilete chake. Ila usimfanye mwizi. Sababu yake iwe ile ambayo msomaji naye, akiwa peke yake usiku, angeikubali: ada ya mtoto aliyebaki kwa baba yake, kwa mfano.

Kisha tazama kalenda. Mgahawa ufunguliwe mwezi wa tatu, baada ya kulipa kodi ya pango ya miezi sita mbele, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka. Sura ya nane itaangukia Aprili: masika, wageni wamepungua, hoteli kadhaa za ufukweni zimefunga hadi Juni, unga umeshika unyevu stoo. Hapo hawatapata nafasi ya kuliwazana.

Ugomvi wenyewe uonekane katika namna wanavyoitana. Aliyekuwa "shoga" au "mwenzangu" akianza kuitwa "Bi Rukia" mbele ya wateja, huhitaji aya nzima ya kueleza kwamba mambo yameharibika.

Na tafadhali, asitokee tajiri mwenye hoteli sura ya ishirini akalipa kila kitu. Miswada mingi ya aina hii hufia hapo. Fedha itoke mikononi mwao. Mmoja akiingia kwenye mwani, kumbuka huvunwa baada ya wiki sita hivi, halafu unaanikwa ndipo uuzwe. Deni la wiki ijayo haulipi.

Mhusika wangu anapewa talaka sura ya kwanza, na sura ya tatu ameshachumbiwa Lamu. Rafiki aliyesoma mswada kasema haiwezekani. Ni riwaya tu, kwani lazima? (Msomaji, Mombasa)

Kama mhusika ni Mwislamu, rafiki yako kakuokoa. Mjane hukaa eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, miezi 4 na siku 10. Aliyeachwa naye anapata hedhi huhesabu twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi, kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani. Asiyepata hedhi, miezi 3. Mjamzito, mpaka ajifungue. Msomaji wa pwani anayajua haya bila kufungua kitabu, na ukikosea hapo hatakuamini tena hata ukieleza mapishi ya biriani.

Nasi tungesema eda ni zawadi kwa mtunzi. Katika talaka rejea, mume anaweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha bila ndoa mpya. Kwa hiyo una saa inayohesabu, na mtu anayeweza kubisha hodi wakati wowote. Kwa mjane, asiyetoka ila kwa haja, asiyejitia manukato wala mapambo, urafiki ndio unaoingia mlangoni: mmoja na kikapu cha samaki, mmoja na umbea, mmoja na bili ya umeme aliyoilipa kimyakimya. Humo mna sura tatu nzuri kabla hujamtoa nje.

Kama ni yeye anayetaka kutoka kwenye ndoa, andika khului, na utaje kiasi cha mahari anachorudisha na alikokipata. Pengine kimetoka kwenye mchezo.

Iwe na maneno mangapi? (Msomaji, Morogoro)

60,000 yanatosha: sura 30 za maneno 2,000, kama kurasa 220. Ukiandika 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu itakamilika kwa wiki 24.

Wasomaji wangu wa kwanza wanachanganya wahusika. Nimeeleza sura na mavazi ya kila mmoja, bado. (Msomaji, Nairobi)

Tazama vitenzi. "Alimwambia kwamba hakumwona" yaweza kumhusu yeyote kati ya wanne. Katika mazungumzo ya zaidi ya wawili, acha "alisema" uweke kitendo: "Mwanaidi alifunika sufuria. 'Sikumwona.'" Tena usiwe na Zuhura, Zuleikha na Zainabu katika nyumba moja, kila jina lianze na herufi yake. Mavazi yatajwe mara moja, yatosha.

Nataka sura ya mwisho iwe Jambiani: jua linazama baharini, mwezi mpevu unachomoza, maji yametoka mbali na wanawake wanne wanatembea kwenye mwani. Mnaionaje? (Msomaji, Dodoma)

Jambiani inatazama mashariki, kwa hiyo jua huzama nyuma ya minazi, upande wa bara. Mwezi mpevu ndio unaotoka baharini, karibu na wakati wa magharibi, na hapo uko sawa kabisa. Maji ndiyo hayakubali. Wakati wa mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine: bahari ya Unguja hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne, usiku na asubuhi. Saa ya magharibi maji yatakuwa bado yako njiani kutoka. Siku ambazo maji hupwa jioni huwa ni za maji mafu, nayo hayaendi mbali.

Una njia mbili. Wapeleke saa nne usiku, mwezi uko juu, na taa za kutazamia mawe na viumbe wenye miiba hazihitajiki sana. Au wapeleke saa nne asubuhi pamoja na wakulima wa mwani, kamba mabegani, maji ya magotini. Tungechagua asubuhi. Wana kazi ya kufanya, na yule mwenye deni bado hajalipa 250,000 za mwisho.