Ungo wa Bibi Ukinyamaza: Hisia na Mwendo Katika Usimulizi

Bibi yangu, kule Kongwa, alikuwa akitusimulia hadithi huku anapepeta uwele. Ungo unakwenda, na sauti yake inakwenda nao. Sisi wajukuu tulijua fisi amekaribia kabla hajatajwa, kwa sababu ungo ulinyamaza. Bibi anatutazama, anameza mate, kisha anaendelea kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo. Hakupaza sauti hata siku moja, lakini tulijikuta tumesogea mpaka tunamgusa magoti.

Nilipoanza kazi ya kuingiza sauti, yaani kusoma maandishi na kuyarekodi, hapa Dodoma mjini, somo hilo nililisahau kabisa. Kazi moja ilirudishwa mara mbili. Ilikuwa filamu fupi ya mama mkulima wa zabibu ambaye mizabibu yake ilikauka. Kwenye kipande cha huzuni nilitetemesha sauti, nikavuta maneno, karibu nilie. Mteja akaniambia, "Ndugu yangu, hapa simsikii mama, nakusikia wewe." Iliniuma, ila alikuwa sahihi. Nilirekodi tena kwa sauti ya kawaida, nikatulia kidogo kabla ya neno "imekauka". Ikapita.

Kwa hiyo ukiletewa maandishi, usiulize kwanza wapi pa kulia. Tafuta mahali ambapo ungo unanyamaza.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia, na hasa ile "-ka-" yetu ya masimulizi. Chukua sentensi hii: "Akaamka, akanawa uso, akachukua fimbo, akafungua zizi, akakuta mbuzi hawapo." Wengi wetu huisoma kama watoto wanaokariri, kila kitenzi kinashuka mahali pale pale, na msikilizaji anasinzia. Jaribu hivi: vitenzi vitatu vya mwanzo viende pamoja kwa pumzi moja, vyepesi, maana ni mambo ya kila asubuhi. "Akafungua zizi" punguza mwendo. Kisha nyamaza. Hesabu moja, mbili, kimoyomoyo. Ndipo useme "akakuta mbuzi hawapo" bila kuongeza chochote. Hofu ataitia msikilizaji mwenyewe ndani ya ule ukimya. Mimi hupiga mistari miwili ya kulala (//) kwa penseli mahali pa kunyamaza, na mstari chini ya maneno ya kukimbia nayo.

Namba nazo huvuruga mwendo. Kwenye karatasi "1973", mwaka ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ni tarakimu nne tu. Mdomoni ni maneno saba: elfu moja mia tisa sabini na tatu. Ukiupangia mwaka huo pumzi ya neno moja, utafika "sabini" unahema, na uzito wa jambo umeshapotea. Vuta pumzi kabla ya mwaka, usiukatize katikati. Mteja akikupa sekunde 30 na miaka mitatu ndani yake, mwombe apunguze maneno, usikubali kukimbia.

Furaha ni rahisi zaidi: tabasamu kweli mbele ya maikrofoni, itasikika. Hasira ninayoiamini mimi ni ile ya meno kukaribiana, maneno yakitoka polepole na kila silabi imekamilika.

Jambo la hapa kwetu: upepo wa Julai na Agosti ukigonga mabati, ukimya wako unajaa kelele, na kunyamaza kote huko kunakuwa kazi bure. Ninarekodi baada ya saa sita usiku, magodoro mawili yakiwa yameegemezwa ukutani na blanketi dirishani.

Halafu siitumi kazi usiku huo huo. Asubuhi naifungulia nikiwa naosha vyombo. Mahali ambapo mikono imesimama yenyewe ndani ya beseni, naacha kama palivyo. Mahali ambapo nimeendelea kusugua sufuria, ninarudia kurekodi.