Jibu: Glock 17, CZ 75 au Beretta 92 kwa kulenga shabaha?

Ndugu, umeuliza kati ya bastola hizo tatu ipi inakaa vizuri mkononi, inalenga sawasawa na haikwami. Mimi ningechukua CZ 75. Mpini wake unajaa kiganjani, na slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi) inateleza ndani ya fremu, yaani kiunzi cha chini chenye mpini, badala ya kuikumbatia kwa nje, hivyo bastola inakaa chini, karibu na mkono. Ni ya chuma, uzito kama kilo 1. Uzito huo unapunguza teke, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma risasi inapotoka, nawe unarudi kwenye shabaha upesi. Ubaya wake, slaidi ina sehemu ndogo ya kushika. Vidole vyenye jasho vinateleza.

Kwa kutokwama, Glock 17 ndiyo mwamba: vipande vichache, fremu ya plastiki, na triga inavutika vilevile kila risasi. Ila ukilegeza kifundo cha mkono, slaidi hairudi nyuma ipasavyo na ganda la risasi iliyofyatuliwa linabanwa kwenye tundu la kutokea. Wengi huilaumu bastola bure.

Beretta ni laini kufyatua, lakini mpini ni mnene. Mwenye vidole vifupi ataifikia kwa shida triga, ambayo kwa risasi ya kwanza hukaa mbele zaidi. Zishike zote kabla ya kulipa, zikiwa tupu.