SMS ya kukumbushwa miadi inaninyima usingizi: je, ni kweli sitaki kupona?

Swali: Salaam daktari. Nina miaka 34, nafanya kazi dukani hapa Mombasa. Tangu Ramadhani nahudhuria tiba ya mazungumzo kwa ajili ya msongo wa mawazo, mara moja kila wiki mbili. Jioni ya kuamkia siku yangu hupokea SMS: "Kumbuka kikao chako cha tiba ya msongo wa mawazo kesho 10:00. Usipofika utalipishwa." Nikiiona tu moyo hunienda mbio, na usiku huo silali. Vikao viwili nimekosa. Rafiki akaniunganisha na mtu anayejiita kocha wa maisha. Amenitia kwenye kundi la WhatsApp, na huko kila Jumapili huweka majina yetu na saa zetu. Ameniambia anayetaka kupona hahitaji kukumbushwa. Je, niwaambie wa kliniki waache kunitumia? Au ni kweli mimi ndiye sitaki kupona?

Jibu: Dadangu, swali lako la kwanza jibu lake ni fupi: usiwaombe waache kukukumbusha, waombe wabadilishe namna wanavyokukumbusha. Maneno ya kuwaambia nitakupa. Lakini siwezi kuanzia huko, kwa sababu swali lako la pili nalisikia karibu kila wiki na kila mara nakasirika upya. Si kwako wewe. Kwa aliyekutia maneno hayo kichwani.

"Anayetaka kupona hahitaji kukumbushwa." Nimeisikia kwa makocha, kwa waume wa wateja wangu na, jambo linaloniuma zaidi, kwa wenzangu waliosomea kazi hii. Kauli hiyo ina mizizi ya zamani. Mwaka 1913 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyekuwa mwasisi wa aina moja ya tiba ya mazungumzo, aliandika kwamba kila mgonjwa wake amekodishwa saa yake, na asipoitumia bado ni juu yake kuilipa; kwa maoni yake ukilegeza hapo, dharura za wagonjwa huongezeka. Waliokuja nyuma wakaikaza zaidi: kukosa kikao ikawa ni ukinzani, mtu anaikimbia tiba. Ila makala hiyo hiyo ina jambo ambalo wanaoishika kauli hii hawalisemi. Wagonjwa wa Freud walikuja siku sita kwa wiki, saa ile ile, na waliokuwa na hali nafuu siku tatu. Mtu anayekwenda pahali kila siku miguu yake yaijua njia. Wewe waenda mara moja kwa wiki mbili, na katikati zamu ya dukani imebadilishwa ghafla, mtoto kaamka na homa, feri imejaa. Anayekupima kwa kipimo cha Vienna hakutendei haki.

Tena pana ugonjwa wenyewe. Msongo ukifika kiwango cha sonona, yaani huzuni nzito ya kuugua, unashika umakini, unashika kumbukumbu, na unafanya uamuzi mdogo kama wa kuvaa viatu uwe mzito. Nilikuwa na mteja aliyeijua tarehe, saa na hata nauli ya matatu. Asubuhi ya miadi alioga, akavaa buibui, akakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani. Saa ikapita amekaa pale pale. Hakusahau, na kupona alikutaka kuliko kitu chochote. Alichokosa asubuhi ile ni mtu wa kumwambia: njoo, hata ukichelewa. Tangu alipokuja kunisimulia hayo, kwa sauti ya mtu anayeungama kosa, sikubali tena mtu aniambie kwamba ukumbusho ni wa wasahaulifu.

Sasa hicho kiwewe chako cha jioni. Wateja wengi ninaowauliza husema SMS huwatuliza. Wanahisi kuna mtu anawangoja. Wapo wanaoona wanafanywa watoto, na hao mara nyingi ni watu wazima walioamrishwa sana maishani. Na wapo wanaoshtuka kama wewe. Siku moja nilimwomba mteja wa namna hiyo anionyeshe simu yake. Ujumbe wa kliniki ulikuwa umebanwa katikati ya jumbe mbili za mkopo wa simu, na zote tatu zilikuwa na sauti moja: tarehe, tisho, pesa. Mwili wake haukukosea. Ulisoma neno "utalipishwa" ukajiandaa kwa mdai. Ada ya kukosa kikao si dhambi, mimi mwenyewe hutoza, lakini yazungumzwa ana kwa ana siku ya kwanza na kukubaliwa. Haikumbushwi saa mbili usiku kwa mtu anayejitahidi kulala.

Sehemu nyingine ya hofu yako huenda haihusu ujumbe kabisa. Yahusu unachojua utakisema kesho. Hiyo usiifiche. Ingia nayo chumbani, iwe ndiyo ya kwanza kuzungumzwa.

Kwamba ukumbusho unaweza kufanywa vizuri hatuhitaji kwenda ng'ambo kujifunza. Kati ya 2007 na 2009, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea kila Jumatatu ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Nao walijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza pia, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliotumia dawa zao inavyotakiwa walikuwa asilimia 62 katika kundi lenye ujumbe na asilimia 50 katika kundi lisilo nao. Najua vidonge na vikao ni vitu viwili. Nakuomba utazame ujumbe wenyewe. Hautaji ugonjwa, hautaji dawa wala kliniki. Hata ukisomwa na jirani ni salamu tu. Na unaacha mlango wa kujibu "nina shida".

Utafiti mwingine wa nyumbani, nao wa SMS na dawa hizo hizo, wa kituo cha afya cha Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, ulitoka mwaka uliofuata. Waliokumbushwa mara moja kwa wiki walifanya vyema kuliko wasiokumbushwa, lakini kwa waliokumbushwa kila siku faida hiyo haikuonekana. Kuongeza maneno ya kutia moyo nako hakukusaidia zaidi. Basi wale wanaokutumia jumbe tatu kwa siku zenye maua na nukuu za hamasa wanapoteza bando lao na utulivu wako.

Linalonitisha kuliko yote ni siri. Kliniki hununua huduma ya SMS za jumla, ambapo jina la mtumaji lina nafasi ya herufi 11 tu. Basi wanazijaza herufi hizo kwa neno "akili" au "ushauri", na jina hilo latokea juu ya kioo hata ukiwa umeficha maandishi ya ujumbe. Katika kliniki moja niliyofanya kazi zamani, mteja alikuwa jikoni anageuza chapati, simu ipo mezani. Mwanawe wa miaka tisa akasoma kwa sauti, mbele ya mama mkwe na wageni wawili: "Mama, tiba ya akili ni nini?" Hakurudi tena kwetu. Kwenye daftari letu akaandikwa: ameacha tiba, hana ari. Nililiona andiko hilo kwa macho yangu. Sisi ndio tuliomtoa, halafu tukamwandikia yeye kosa.

SMS hizo za jumla aghalabu huwezi kuzijibu. Ukitaka kusema "kesho sitaweza, nihamishieni" hakuna pa kusemea, basi wanyamaza, na ukishanyamaza waona haya kurudi. Vikao vyako viwili sitashangaa vikiwa vimepotea hivyo. Na tazama ile "10:00". Mashine imeandika kwa saa za Kizungu, nasi twahesabu saa tangu macheo. Nimewapokea watu waliofika saa kumi alasiri kwa miadi ya saa nne asubuhi, wamevaa vizuri, wakaambiwa mlangoni wamekosa na watalipa. Aandikaye "saa 4 asubuhi" haongezi gharama yoyote.

Piga simu kliniki, usingoje siku ya miadi. Sema hivi: "Naomba SMS yangu isitaje tiba wala msongo. Iandikwe: Salaam, tunakungoja kesho saa 4 asubuhi, ukipata shida piga namba hii. Iletwe saa sita mchana, si usiku. Na naomba kikao kijacho tuzungumze ada na vikao nilivyokosa." Kama simu yako hushikwa na wengine, waambie wakupigie badala ya kuandika, na mkubaliane watajitambulisha kwa jina gani wakipokelewa na mtu mwingine. Mtaalamu anayejua kazi yake atayaandika hayo kwenye faili lako na kukushukuru. Akikuona msumbufu, tafuta mwingine.

Nirudi kwa huyo kocha, kwa maana naona makundi kama lake yakizidi na wanaoumizwa huishia kwangu. Anakwambia hahitaji mtu kukumbushwa, naye kila Jumapili anabandika majina na saa za wateja wake mbele ya wote. Katika kundi la WhatsApp kila aliyemo anaona namba za wenzake. Huo si ukumbusho, ni kuwaanika watu. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka anayeifanya kazi hii asajiliwe na bodi na awe na leseni. Neno "kocha" limekuwa uchochoro wa kuikwepa bodi hiyo. Muulize namba yake ya usajili. Wengi wao watakujibu kwa hadithi ya maisha yao, jinsi walivyoanguka wakainuka. Hadithi haimfundishi mtu afanye nini mteja anapoandika saa nane usiku kwamba amechoka kuishi. Nimesoma kundi la namna hiyo, simu nikiwa nimepewa na mwenyewe: ujumbe wa aina hiyo ulijibiwa kwa vidole gumba vinne na sala moja, kisha likafuata tangazo la ada ya mwezi.

Kabla hujatoka kundini, piga picha ya skrini ya orodha hizo za Jumapili; ukiamua kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data utazihitaji. Ficha majina ya wenzako kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote. Kisha toka, na kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp chagua ni nani anaweza kukutia kundini. Kama ulimwandikia mambo yako faraghani, mtake ayafute na akuthibitishie kwa maandishi. Baada ya hapo piga ile simu ya kliniki. Vikao viwili ulivyokosa havijakufungia mlango, na hakuna mtaalamu wa kweli atakayekupokea kwa kukuuliza kama wataka kupona.